Ujuzi hauachwi njiani: historia ya waganga wa Beni na Lubero, kutoka Oicha hadi Masereka

MASEREKA, wilayani Lubero – Familia inapokimbia vita, kila mtu anaona inachobeba: godoro, sufuria, mtoto mgongoni, mbuzi mmoja kama alipatikana. Tangu mwisho wa mwezi wa sita mwaka 2024, Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23, na tena mwezi wa kumi na mbili wa mwaka huohuo vita vilipofika pande za Alimbongo, barabara za Lubero zimejaa mizigo ya namna hiyo. Upande wa Beni na upande wa magharibi mwa Lubero, ni mashambulizi ya ADF yanayowatoa watu katika nyumba zao. Wahami wamefika Butembo, wamefika Lubero, wamefika pia katika vijiji vya milimani ambako wakaaji wenyewe wanaishi kwa viazi na kabichi za shamba dogo.

Lakini kuna mzigo mwingine ambao hauonekani. Kati ya wahami kuna mshonaji aliyeacha cherehani yake, fundi wa mbao aliyeacha randa, mkunga, mwalimu, muuguzi. Vyombo vimebaki nyuma, ila kazi yenyewe wamekuja nayo mikononi. Wazee husema ujuzi hauzeeki. Historia ya Beni na Lubero inaonyesha kwamba ujuzi unaweza pia kukimbia vita na kufika salama, lakini kwa masharti. Mahali ambapo masharti hayo hayakutimizwa, ulipotea.

Ili kuelewa masharti hayo, inafaa kufuata kazi moja tu, ile ambayo mwenyeji na mhami wote wawili wanaikuta kwenye benchi moja la kituo cha afya: kazi ya wauguzi na madaktari, ambao wengi huku wanawaita tu waganga.

Oicha: shule iliyoanzia kando ya kitanda

Mwaka 1934, daktari mmoja Mmarekani, Carl Becker, alihamia Oicha, kaskazini mwa mji wa Beni, pembeni ya pori la Ituri. Alikuwa wa misioni ya Africa Inland Mission, na alikuwa ameacha kazi yake ya udaktari katika jimbo la Pennsylvania. Hospitali ya Oicha ilianza kwa nyumba za miti na udongo. Habari zilienea haraka, na wagonjwa wakaanza kuja kutoka mbali. Wa ukoma peke yao walifikia maelfu.

Daktari mmoja hawezi kutibu umati kama huo. Becker hakuwa na njia nyingine ila kuwafundisha vijana wa pale pale: kuosha kidonda, kuchoma sindano, kuchungua damu kwa hadubini, kumshika mgonjwa wakati wa upasuaji. Waliojifunza vizuri walipewa kazi kubwa zaidi mwaka hadi mwaka, hata wengine wakafika kushika kisu cha upasuaji wenyewe. Hiyo haikuwa bado shule yenye madarasa. Darasa lilikuwa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Ni vema kukumbuka wakati ule ulikuwaje. Serikali ya Wabelgiji ilipenda Mkongomani ajue kusoma, kuhesabu na kufanya kazi ya mikono, lakini mlango wa masomo ya juu ilikuwa imeufunga. Katika kazi ya afya, Mkongomani aliweza kufika cheo cha msaidizi wa daktari na kuishia hapo. Chuo kikuu cha Lovanium, karibu na Léopoldville, kilifunguliwa tu mwaka 1954, miaka sita kabla ya uhuru.

Matokeo yalionekana tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Siku ile Kongo ilipopata uhuru, haikuwa na daktari hata mmoja Mkongomani. Ndani ya wiki chache, kwa sababu ya machafuko yaliyofuata, madaktari wengi wa Kibelgiji waliondoka. Shirika la Afya Duniani lilituma madaktari wa kigeni kuziba pengo, na lilifanya jambo lingine ambalo halitajwi sana: liliwapeleka Ufaransa makumi ya wale wasaidizi wa madaktari wakamalizie masomo. Kwa kuwa walikuwa tayari wanajua kazi, hawakuhitaji kuanza upya. Baada ya miaka michache walirudi wakiwa madaktari kamili.

Hilo ni somo la kwanza la historia hii. Nchi yenye shaba, almasi na dhahabu ilisimama siku ya kwanza ya uhuru wake bila daktari wake mwenyewe. Kilichoisaidia kuinuka ni watu waliokuwa wamefundishwa nusu ya njia, ambao mtu fulani alikubali kuwafundisha nusu iliyobaki.

Nyankunde: kufundisha kwanza

Mwaka 1964 uasi wa Simba ulifika kaskazini-mashariki. Becker, aliyekuwa amefikisha miaka 70, alilazimika kuondoka Oicha. Katika pande za Nebobongo, daktari Mwingereza Helen Roseveare, aliyefika Kongo mwaka 1953 na aliyekuwa akifundisha wauguzi huko, alishikwa na waasi na kukaa kifungoni kwa miezi.

Wote wawili walirudi. Misioni mbalimbali za Kiprotestanti zilikuwa zimeelewa kwamba hospitali ndogo ndogo zilizotawanyika, kila moja na mzungu wake mmoja, zinaanguka siku mzungu huyo anapokimbia. Ziliamua kuunganisha nguvu mahali pamoja, Nyankunde, katika Ituri. Kituo cha Kiinjili cha Nyankunde kilianza katikati ya miaka ya 1960, na Roseveare alifanya kazi pale kuanzia 1966 hadi 1973, kazi yake kubwa ikiwa kufundisha wauguzi.

Tofauti na Oicha ya zamani ni kubwa. Oicha ilikuwa hospitali iliyofundisha kwa sababu haikuwa na la kufanya. Nyankunde ilikuwa hospitali na shule kwa pamoja, yenye masomo yaliyopangwa, mitihani na diploma. Kijana aliyetoka Nyankunde na karatasi yake aliweza kwenda kufanya kazi katika hospitali nyingine, hata mahali ambapo hakuna aliyemjua. Ujuzi uliokuwa kichwani mwa mtu mmoja sasa ulikuwa na karatasi ya kuushuhudia.

Zone za afya na chuo cha Graben

Mwaka 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata na kukubaliana kwamba afya ya msingi ni lazima imfikie mtu kijijini. Zaire ilichukua wazo hilo kwa uzito. Katika miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zone za afya 306, kila moja na hospitali yake kubwa na vituo vyake vya afya. Hesabu hiyo imeongezeka tangu wakati ule, na leo Masereka ni moja ya zone za afya za Kivu ya Kaskazini.

Mpango huo wote unasimama juu ya muuguzi. Daktari yuko hospitalini, lakini kituo cha afya cha mlimani kinaongozwa na muuguzi. Ndiye anayempokea mama mwenye uchungu usiku, anayeamua kama mtoto mwenye homa atibiwe pale au apelekwe mbali, anayeandika daftari la magonjwa. Kama muuguzi huyo hakufundishwa vizuri, jina la zone linabaki kwenye karatasi tu.

Kwa masomo ya udaktari, kijana wa Butembo au Beni alikuwa na safari ndefu. Vyuo vikuu vya serikali vilikuwa Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi. Barabara ziliharibika mwaka hadi mwaka, na kumsomesha mtoto mbali hivyo kulimaliza mali ya familia. Wengine waliokwenda hawakurudi tena kufanya kazi huku.

Mwaka 1989, Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza dayosisi ya Butembo-Beni tangu 1966, alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo. Hiyo ilikuwa miaka ambayo serikali ya Mobutu ilikuwa inashindwa hata kuwalipa walimu wake. Chuo kilifundisha udaktari, kilimo, tiba ya mifugo, sheria na uchumi, yaani kazi ambazo nchi ya wakulima na wafanyabiashara inazihitaji. Kataliko baadaye alikuwa askofu mkuu wa Bukavu, na mwaka 2000 utawala wa waasi wa RCD ulimzuia kurudi kwenye jimbo lake, akakaa miezi kadhaa Butembo kama mtu aliyehamishwa. Alifariki Roma mwezi wa kumi mwaka huo. Chuo chake bado kinatoa madaktari.

Katika miaka hiyo ya 1990, na uporaji wa 1991 na 1993, serikali ilikuwa karibu haipo tena. Mahali pengi zone za afya ziliendelea kwa franga ya mgonjwa, kwa msaada wa makanisa, na kwa wauguzi waliofundishwa ambao hawakuacha kazi ingawa mshahara haukuja.

2002: shule isiyo na kuta

Tarehe 5 mwezi wa tisa 2002, Nyankunde ilishambuliwa. Mauaji yaliendelea kwa siku kadhaa. Zaidi ya watu 1,000 walikufa, wakiwemo wagonjwa waliouawa vitandani. Hospitali iliporwa. Waliopona walitembea kwa miguu kupitia msituni kuelekea Oicha na Beni, siku nyingi, pamoja na watoto na wagonjwa.

Kati ya waliotembea walikuwemo wauguzi, madaktari, walimu na wanafunzi wa shule ile. Walifika bila vitabu na bila vyombo. Oicha, mahali ambapo Becker alikuwa ameanza karibu miaka 70 kabla, iliwapokea. Na Beni, masomo yalianza tena. Shule ya Nyankunde iliendelea kufundisha ikiwa uhamishoni, na wanafunzi walifanya staji katika hospitali za huko. Miaka iliyofuata, hospitali ya Nyankunde yenyewe ilianza kufufuka taratibu.

Kwa familia za wahami wa leo, kisa hicho kina maana ya karibu sana. Nyankunde ilipoteza majengo, dawa, na watu ambao hakuna anayeweza kuwarudisha. Ila shule haikufa, kwa sababu walimu na wanafunzi walifika mahali pamoja na wenyeji wakawapa nafasi ya kuketi. Kama kila mmoja angetawanyika upande wake kutafuta kibarua, ujuzi ule ungeisha na kizazi kimoja.

Ebola: siku ya mtihani

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, serikali ilitangaza kwamba Ebola iko Mangina, karibu na Beni. Ugonjwa ulienea hadi Beni, Butembo, Katwa na zone nyingi nyingine, Masereka ikiwemo. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, hesabu ilikuwa wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Waganga zaidi ya 150 waliambukizwa wakiwa kazini.

Watu wa Butembo na Beni hawajasahau ubishi wa wakati ule. Watu waliokuwa wakiuawa tangu 2014 bila kuona msaada mkubwa waliona ghafla magari na feza nyingi zikija kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Wengi walichukia kuona wageni wakilipwa vizuri na vijana wa pale waliosoma wakiachwa pembeni. Mwezi wa pili 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya siku chache. Tarehe 19 mwezi wa nne, daktari Richard Mouzoko, kutoka Kameruni, aliuawa akiwa kwenye mkutano wa kazi katika hospitali ya chuo cha Graben.

Katikati ya hayo yote, kulifanyika kazi ambayo dunia nzima inaitegemea leo. Kuanzia mwezi wa kumi na moja 2018, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa nne za Ebola zilijaribiwa kwa kulinganishwa. Jaribio lilipewa jina la PALM, kutokana na maneno ya Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Aliyeliongoza ni profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyemaliza udaktari Lovanium mwaka 1969, miaka tisa tu baada ya siku ile ambapo Kongo haikuwa na daktari wake hata mmoja.

Wagonjwa 681 waliingizwa katika jaribio. Kila mmoja alihitaji kuelezwa, kukubali, kupewa dawa kwa kipimo halisi, kupimwa damu, kuandikwa kwenye daftari bila kosa. Kazi hiyo ilifanywa na madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara wakiwa ndani ya mavazi ya joto, katika mji wenye milio ya risasi. Mwezi wa nane 2019 matokeo yalikuwa wazi: katika dawa mbili za zamani karibu nusu ya wagonjwa walikufa, lakini katika dawa mbili mpya ilikuwa karibu theluthi moja, na waliofika mapema walipona kwa wingi zaidi. Moja ya hizo mbili, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Dawa zote mbili ziliruhusiwa Marekani mwaka 2020.

Dhahabu ya Lubero inatoka ikiwa ghafi na faida inabaki kwa wengine. Hapa kitu kilitoka kikiwa kimekamilika, kimefanyiwa kazi na mikono ya watu wa hapa hapa.

Mtihani wa pili ulikuja mwezi wa pili 2021, Ebola iliporudi pande za Biena, Katwa, Butembo na Musienene. Safari hii waganga wa jimbo ndio walioshika kazi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa walikuwa wanajua tayari kutafuta waliomgusa mgonjwa, kuchanja na kuzika kwa usalama. Tarehe 3 mwezi wa tano ugonjwa ulikuwa umekwisha: wagonjwa 12, vifo 6. Kila kifo ni msiba wa familia. Lakini kati ya 12 na 3,470 kuna tofauti, na sehemu ya tofauti hiyo ni watu waliokwisha kufundishwa.

Masharti ya ujuzi kuendelea

Ukiweka Oicha, Nyankunde, Graben na miaka ya Ebola kwa mstari mmoja, unaona kwamba ujuzi haukuendelea peke yake hata mara moja.

Ulihitaji mtu wa kuufundisha. Becker angeweza kutibu tu na kufa nao. Ulihitaji karatasi ya kuushuhudia, kwa sababu muuguzi asiye na diploma, hata awe hodari namna gani, anarudi kuwa kibarua anapofika mahali asipojulikana. Na ulihitaji malipo. Katika jambo hilo nchi bado ina deni kubwa. Waganga wengi wa vijijini hawako kwenye orodha ya mishahara ya serikali hadi leo. Wanaishi kwa kile mgonjwa analipa, na mhami hana cha kulipa. Zone inayopokea wahami inaongezewa wagonjwa bila kuongezewa mapato, na mzigo huo unamwangukia muuguzi.

Ulihitaji pia usalama. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 mwezi wa kumi 2022, hospitali ya Maboya, kaskazini mwa Butembo, ilichomwa na washambulizi, na mtawa mmoja aliyekuwa daktari akauawa humo kazini. Kumfundisha daktari kunachukua miaka mingi ya jasho la wazazi na walimu, na usiku mmoja unatosha kuipoteza yote.

Mengine yanaweza kufanyika bila kungoja Kinshasa. Mkunga au muuguzi mhami anaweza kujitambulisha kwa ofisi ya zone ya afya ya mahali alipofikia, hata kama diploma imeungua, kwa sababu shule iliyomfundisha inaweza kuwa bado na majina ya wanafunzi wake. Mshonaji mwenyeji mwenye cherehani moja anaweza kumkubali mhami ashone zamu ya jioni, na kijana wa tatu akae pembeni akijifunza. Mzazi anayefikiria kumtoa binti yake shuleni kwa sababu wako ugenini akumbuke wanafunzi wa Nyankunde, waliofika Beni bila kitu na wakaendelea na masomo.

Viazi vya Masereka vinahitaji miezi michache kuiva. Muuguzi anahitaji miaka, na hata mwaka wa vita ni mwaka wa kumpanda.